Ukienda nyumba ya mwandishi Seoul, nenda umeshamsoma

Mtaa wa Seongbuk-dong umelala kwenye mteremko upande wa kaskazini wa ukuta wa kale wa jiji la Seoul, na jina lake lina maana hiyo hiyo: kaskazini ya ukuta. Barabara yake kubwa inapanda polepole kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi, ikipita maduka ya mikate, migahawa na majumba ya matajiri yaliyojificha nyuma ya kuta ndefu. Jirani na jumba dogo la sanaa la wilaya kuna lango la mbao lenye paa la vigae vyeusi. Ukilivuka, umefika kwa Lee Tae-jun.

Mwandishi huyo aliijenga nyumba hii mwaka 1933, na ukiondoa kipindi cha mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia alichokaa kwao Cheorwon, ndiyo iliyokuwa makazi yake hadi 1946. Siku hizi ni nyumba ya chai iitwayo Suyeonsanbang, yaani nyumba ya mlimani ya jiwe la wino lenye umri mrefu. Jiwe la wino ni kile kibao cha jiwe ambacho waandishi wa Asia ya Mashariki walisagia wino wao kwa maji kidogo kabla ya kushika brashi. Mtu anayeipa nyumba yake jina la namna hiyo amekwisha kukuambia amejenga ili afanye nini.

Mara ya kwanza niliingia pale sijasoma hata ukurasa wake mmoja. Nilikuwa nimeiona nyumba kwenye picha, nikavutiwa. Nikanywa chai, nikapiga picha zangu, nikaondoka, na mtu angeniuliza nimeona nini ningemjibu: nyumba ya zamani yenye bustani. Baadaye nikakipata kitabu chake cha makala fupi, Museorok, kilichotoka mwaka 1941. Humo anawaandika maseremala wazee waliomjengea nyumba, kazi yao na mwenendo wao. Niliporudi nilikaa karibu na pale pale nilipokaa mwanzo, nikajikuta natazama mahali boriti inapoingia kwenye nguzo. Mti mmoja umechongwa ulimi, mwingine umetobolewa tundu, na miwili hiyo imekumbatiana kwa miaka zaidi ya 90. Nikamwona mzee na patasi yake, na mwenye nyumba kasimama kando anamtazama. Nyumba haikubadilika. Mimi ndiye niliyekuja na kitu mkononi.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayesafiri kwenda Korea Kusini, awe mwanafunzi, mfanyabiashara au mtu wa mapumziko, ni huu: chagua mwandishi mmoja, msome hata kurasa 30, kisha uende nyumbani kwake. Usianze na nyumba. Nyumba za Kikorea za jadi, zinazoitwa hanok, zipo nyingi, na ukizizuru bila habari ya waliokaa ndani zitaanza kufanana siku ya pili tu.

Kwa Lee Tae-jun kazi imerahisishwa. Janet Poole ametafsiri makala zake kwa Kiingereza katika kitabu Eastern Sentiments, cha mwaka 2009, na hadithi zake katika Dust and Other Stories, cha 2018. Makala zenyewe ni fupi, nyingine utazimaliza kabla chai haijapoa. Anayejua Kikorea atafute pia Munjang ganghwa, kitabu chake cha 1940 kuhusu namna ya kuandika, ambacho Wakorea wanakisoma hadi leo.

Ijue na habari ya maisha yake, kwa sababu ndiyo itakayokufanya ushushe sauti ukiwa ndani. Alizaliwa mwaka 1904, akabaki yatima angali mdogo. Alipofikia kujenga nyumba hii alikuwa amepata jina. Mwaka huo huo wa 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la waandishi lililoitwa Guinhoe, kundi la watu tisa. Mwaka uliofuata, akiwa mhariri wa sanaa katika gazeti la Joseon Jungang Ilbo, alifungua nafasi kwa kijana aitwaye Yi Sang, na mashairi ya Yi Sang yalikuwa mageni kiasi kwamba wasomaji walichachamaa. Yalipangwa kuwa 30, yakakatizwa kwenye la 15. Husimuliwa kwamba Lee siku hizo alitembea na barua ya kujiuzulu mfukoni. Mwaka 1946, Korea ikiwa imegawanywa, alikwenda Kaskazini. Huko miaka ya 1950 akaangukiwa na rungu la chama tawala, na hata tarehe ya kifo chake haijulikani kwa hakika. Huku Kusini, kwa sababu alikwenda Kaskazini, vitabu vyake vilipigwa marufuku hadi Julai 1988. Kwa miaka ipatayo 40, basi, nyumba ilisimama na vitabu vilivyoandikwa ndani yake havikuruhusiwa kuuzwa nje ya lango lake. Nyumba ya chai iliyopo sasa ilifunguliwa na jamaa wa ukoo wake mwishoni mwa miaka ya 1990.

Sasa tuingie ndani, na hapa nitakwenda taratibu, maana wageni wengi hukosea kwenye mambo madogo.

Viatu huvuliwa. Mbele ya sakafu kuna jiwe pana lililoinuka kidogo, ndiyo ngazi. Viatu vibaki hapo, wewe upande ukiwa na soksi. Vaa viatu vinavyovulika upesi, na soksi safi zisizo na tundu, kwa sababu utakaa sakafuni na miguu yako itaonekana na kila mtu. Ukifika mlangoni, vuka kizingiti, usikikanyage. Wazee wa Kikorea huliona jambo hilo ni la mkosi na la utovu wa adabu, na hata usipoamini mkosi, kumbuka ni mti wa zamani. Milango mingi inatelezeshwa. Ishike kwenye fremu ya mbao na uisukume polepole. Usiweke kidole kwenye karatasi. Ile karatasi nyeupe iliyobandikwa kwenye vijiti vya dirisha, hanji, hutengenezwa kwa gome la mti wa jamii ya mforosadi. Ni imara kuliko inavyoonekana, ila kidole kinaitoboa. Mchana jua likiipiga, mwanga unaoingia ni laini kama maziwa yaliyotiwa maji, na hapo ndipo mtu anaelewa mwandishi aliweza vipi kukaa humo tangu asubuhi hadi jioni bila kuumwa macho.

Keti kwenye mto utakaopewa, usiukanyage. Miguu ikichoka ikunje upande, ila usiinyooshe kumwelekea mtu mzima. Ukipewa kikombe, pokea kwa mikono miwili, na ukitoa pesa au kadi toa vivyo hivyo. Kwetu sisi tuliofundwa kupokea kitu cha mkubwa kwa mikono miwili, hili halihitaji mazoezi. Salamu ni annyeonghaseyo na kuinamisha kichwa kidogo. Ukimaliza, mwambie aliyekuhudumia jal meogeosseumnida, yaani nimekula vizuri, ambayo hutumika na kwa kinywaji pia. Bakshishi haitolewi Korea, na ukiiacha mezani utawatia watu haya. Wakorea huwaita waandishi na walimu seonsaengnim, yaani mwalimu, wala hawawataji kwa jina kavu.

Kama kuna nafasi kwenye numaru, omba ukae huko. Ni chumba cha mbao kilichoinuliwa na kujitokeza mbele ya nyumba, wazi kwa madirisha pande tatu. Nyumba za wenye uwezo zamani zilikuwa na jengo la wanaume na jengo la wanawake mbalimbali. Lee Tae-jun aliyaweka yote chini ya paa moja, nyumba ndogo ya mtu wa mjini, lakini hakukubali kuikosa numaru. Kutoka hapo unaona kisima, miti na mlima ng'ambo. Agiza daechucha, chai ya kunazi. Kunazi zao ni kubwa na tamu kuliko hizi zetu, huchemshwa muda mrefu hadi maji yawe mazito na mekundu ya kahawia, na juu huelea mbegu za msonobari. Kila mgeni huagiza chake, maana hapo watu wanalipia nafasi ya kukaa. Jumamosi na Jumapili foleni ni ndefu. Nenda siku ya kazi, mapema, na ukikuta pamejaa usimsukume mtu kwa macho ili ainuke.

Kuhusu picha, uliza kwanza. Mimi nakushauri ukae nusu saa kabla hujatoa simu mfukoni. Na watu waliokuja kunywa chai yao usiwaingize kwenye picha zako.

Msimu nao unabadilisha mambo. Desemba hadi Februari Seoul huganda, hewa inakata masikio, na wakati huo ndipo sakafu ya nyumba ya Kikorea inapojieleza. Mfumo wake unaitwa ondol. Moto uliwashwa jikoni, moshi na joto vikapita kwenye mifereji chini ya mawe bapa ya sakafu, kisha vikatokea kwenye bomba upande wa pili. Juu ya mawe palisawazishwa kwa udongo na kubandikwa karatasi iliyopakwa mafuta. Sehemu iliyo karibu na moto, araenmok, ndiyo yenye joto zaidi, na ilikuwa ya wazee na wageni. Siku hizi maji ya moto yamechukua nafasi ya moshi, lakini watu bado wanakaa chini kwa sababu ile ile. Julai huwa na mvua nyingi na jasho. Ukiweza kuchagua, chagua Oktoba.

Kwa Lee Tae-jun peke yake utatumia saa mbili. Mtaa huu lakini una utajiri zaidi, na nusu siku ya kutembea kwa miguu usiikimbie.

Panda treni ya njia namba 4 hadi kituo cha Hansung University, utokee mlango namba 6. Kadi ya T-money inalipia treni na basi. Ramani za Google hazikusaidii sana kwa kutembea Korea, kwa hiyo weka Naver Map au KakaoMap kwenye simu, na uandike majina kwa Kikorea: 최순우 옛집, 심우장, 수연산방, 길상사. Ukimwonyesha dereva au mpita njia maandishi hayo, atakuelekeza.

Ya kwanza, dakika chache tu kutoka kituoni, ni nyumba ya Choi Sunu, mwanahistoria wa sanaa aliyeongoza Makumbusho ya Taifa hadi alipofariki mwaka 1984. Aliandika kuhusu vyungu, nguzo na kuta kwa namna iliyowafanya Wakorea wa kawaida wavipende vitu vyao wenyewe. Nyumba yake ilikuwa hatarini kubomolewa, wananchi wakachanga pesa, na shirika la hifadhi, National Trust of Korea, likainunua mwaka 2002. Ni majengo mawili yaliyopinda kiwiko, yakitazamana na kufunga ua katikati. Juu ya mlango kuna maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa brashi, kwamba ukifunga mlango, hapa ni mlimani ndani kabisa. Hufungwa miezi ya baridi, na siku za juma hazifunguliwi zote, kwa hiyo hakikisha kabla hujatoka.

Ya pili, juu zaidi, inahitaji magoti. Ngazi na vichochoro vinakupeleka hadi Simujang, nyumba ya Han Yong-un, anayejulikana zaidi kwa jina lake la uandishi na utawa, Manhae. Alikuwa mtawa wa Kibudha, mshairi, na mmoja wa watu 33 waliotia saini tangazo la uhuru wa Korea tarehe 1 Machi 1919, akafungwa kwa ajili hiyo. Diwani yake ya 1926, Nimui chimmuk, imejengwa juu ya neno moja, nim. Nim ni mpenzi, ni bwana, ni yule unayemheshimu na kumkosa, na Wakorea wengi wamesoma humo nchi iliyotekwa, na Buddha pia. Tafsiri yake ya Kiingereza ya Francisca Cho inaitwa Everything Yearned For. Isome, halafu panda.

Utakachokikuta juu ni kinyumba kidogo cha vyumba vichache, na mreteni uani alioupanda mwenyewe. Kiingilio hakuna. Sasa simama mbele ya nyumba utafute jua. Nyumba ya Kikorea hutazama kusini ili ijipatie joto la bure wakati wa baridi. Hii inatazama kaskazini. Mwaka 1933 ilipojengwa, upande wa kusini ulikuwa na jengo la serikali ya wakoloni wa Kijapani, lililokamilika 1926 ndani ya eneo la kasri la kifalme la Gyeongbokgung, na Manhae hakutaka mlango wake ulitazame. Alikaa kwenye baridi hiyo miaka 11. Alifariki humo humo Juni 1944, mwaka mmoja na ushei kabla ya Korea kukombolewa kutoka kwa Japani. Jengo la wakoloni lilibomolewa miaka ya 1990. Nyumba bado imegeuka kaskazini. Sijui nyumba nyingine inayosema mengi hivyo kwa kugeuza mgongo tu. Tangu 2019 ni urithi wa kihistoria unaolindwa na taifa.

Ukiwa na nguvu bado, ng'ambo ya pili ya mtaa kuna hekalu la Gilsangsa. Zamani ulikuwa mgahawa mkubwa wa anasa. Mmiliki wake, Kim Young-han, katika ujana wake alipendana na mshairi Baek Seok, ambaye mpaka ulipofungwa alibaki Kaskazini na hawakuonana tena. Uzeeni Kim alimsoma mtawa Beopjeong, mwandishi wa kitabu cha Musoyu kuhusu kuishi bila kumiliki, akampa eneo lote. Hekalu lilifunguliwa 1997. Watu wanasali pale, kwa hiyo funika mabega, usivuke kamba, na ukisikia sala inaendelea ngoja nje. Halafu shuka kwa Lee Tae-jun umalizie na chai.

Neno moja kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi: uliza kila mara kama nyumba unayoizuru ni yenyewe. Katikati ya Seoul, Tongin-dong, kuna Nyumba ya Yi Sang. Kiwanja ni kile alichokulia kwa baba yake mkubwa, lakini jengo lililopo lilijengwa baadaye, kiwanja kilipogawanywa. Hadong, kusini, kuna nyumba kubwa ya ukoo wa Choi ambayo haikukaliwa na ukoo huo kamwe: ilijengwa kwa kufuata riwaya ya Toji, ambayo Park Kyung-ni aliiandika kuanzia 1969 hadi 1994. Inafaa kuonwa, na mashamba ya mpunga yaliyo chini yake ni ya kweli, ila ijue ni nini unachokiona. Gangneung, pwani ya mashariki, kuna Ojukheon, alikozaliwa mwanazuoni Yi I, mwana wa mchoraji na mshairi Shin Saimdang. Sura ya Yi I imo kwenye noti ya won 5,000, ya mama yake kwenye ya 50,000. Ukifika pale toa noti zako uwatazame. Na wanaotumia kiti cha magurudumu, au walio na wazazi wenye magoti mabovu, waanze na Ojukheon kuliko Seongbuk-dong, maana uwanja wake ni mpana na vichochoro vya Simujang havina huruma. Sikukuu za Seollal, mwaka mpya wa jadi, na Chuseok, ya mavuno, zisikukute njiani, kwani maduka mengi hufunga na treni hujaa.

Nina ombi kwa vijana wetu wanaosoma Korea. Mmekaa darasani, Kikorea mnakijua, na huko huko Korea Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo wa kuwasaidia mnao. Karibu kila nilipopendekeza kitabu hapa nimelazimika kumwelekeza msomaji kwenye Kiingereza. Chukueni makala moja ya Lee Tae-jun, ombeni ruhusa panapohitajika, muitie katika Kiswahili. Anzeni na ile ya maseremala. Ni fupi, na fundi wa Lamu ataielewa.